Kasha la Kamera la Mawimbini: Misimu Mitatu, Springi Moja Mbovu na Picha za Magoti Yangu

Nianze na magoti. Katika msimu wangu wa pili na kasha hili, sanduku lisilopitisha maji ninalotia kamera ili nipige picha nikiwa ndani ya mawimbi, asubuhi ambayo mawimbi yalikuwa yanakuja yamenyooka kama yamepigwa rula, nilikaa majini saa moja na nusu. Nikarudi ufukweni natetemeka kwa baridi na furaha, nikafungua mlango, nikakuta kadi imejaa. Picha 1,940. Kumi na sita za mwanzo zilikuwa za mawimbi. Zilizobaki zilikuwa za goti la kulia, povu, anga, goti la kushoto, mapezi ya kuogelea, kisha magoti yote mawili kwa pamoja. Kifyatulio kilikuwa kimenasa chini tangu dakika za mwanzo, kamera ikafyatua bila kupumua mpaka kadi ikajaa, na muda wote uliobaki nilikuwa nabonyeza kitu kilichokwisha kufa, tena kwa imani kamili.

"Mzee, leo umepata nini?" akaniuliza kijana niliyeongozana naye, ubao wake wa kutelezea mawimbi bado uko kwapani.

Nikamwambia nimepata magoti.

Nimelitanguliza hilo kwa sababu tathmini nyingi za makasha haya huandikwa na watu waliokaa nayo wiki mbili, karibu na bomba la maji na duka la vipuri. Mimi nimekaa na langu misimu mitatu, na sehemu kubwa ya muda huo nimelitumia kwenye pwani ambazo barabara huishia kilomita nyingi kabla ya bahari. Huko hukumu huwa nyingine. Unakiangalia kifaa kwa jicho la mtu aliyekaa juu ya mchanga, vidole vimekunjamana kwa maji, fundi hayupo, na mawimbi mazuri yanaendelea kupita mbele yake bila kumsubiri. Kwa jicho hilo, hili ni kasha zuri sana lenye springi mbaya sana.

Jina la mtengenezaji sitaliandika. Muundo huu unatengenezwa na karakana kadhaa, zinaigana waziwazi, na mengi nitakayoyasema utayakuta kwa yeyote kati yao.

Ni sanduku la alumini lililochongwa kwa mashine kutoka bonge moja. Rangi yake nyeusi imekwisha kuchubuka pembeni. Mlango wa nyuma ni wa plastiki angavu, unafungwa kwa bolti sita ndogo. Chini kuna mshiko wenye umbo la bastola, na mbele tundu la kufungia kioo. Likiwa tupu lina kilo moja na robo tatu. Ukitia kamera na lenzi pana linakaribia kilo tatu. Majini linaelea kwa shida, kipande kidogo tu kikichungulia juu, na hivyo ndivyo ninavyotaka. Likinitoka mkononi halizami, na nikipiga mbizi chini ya wimbi halinivuti kwenda juu kama boya.

Vitufe vinavyofikika kutoka nje ni vitano tu. Kuna makasha ya wazamiaji yanayokupa kila kitufe cha kamera, ishirini na zaidi, na watu huyasifia sana kwa hilo. Mimi naona kila kitufe ni tundu kwenye ukuta wa nyumba. Kina mhimili wake, pete yake ya mpira, chumvi yake. Chini baharini mzamiaji ana nafasi ya kutulia akapanga mambo yake. Mbele ya wimbi linalokaribia kuvunjika huna muda wa kutafuta kitufe cha kumi na nane. Sijawahi kukihitaji hata kitufe cha sita.

Uchache huo una ukoo wa zamani. Karibu na mwaka 1930 Tom Blake, mmoja wa wateleza mawimbi mashuhuri wa Marekani, aliitia kamera katika kasha alilolitengeneza mwenyewe akaingia nayo majini. John Ball, daktari wa meno wa California ambaye kila mtu alimwita Doc, aliziona picha zake gazetini, naye akajitengenezea kasha la kwake. Kisha ikaja Nikonos. Ilitokana na kamera ya Calypso iliyobuniwa na mhandisi Jean de Wouters kwa ajili ya kina Jacques Cousteau, yule mzamiaji na mtengeneza filamu za baharini wa Ufaransa. Nikon wakaitoa kwa jina lao mwaka 1963 na wakaendelea na ukoo wake hadi 2001. Hiyo haikuwa na kasha kabisa, kamera yenyewe ndiyo iliyozibwa. Nilikuwa nayo moja. Unakadiria umbali kwa jicho, unazungusha, unafyatua, na pete zake nyingi unazibadilisha kwa vidole. Najua nikiisifia sana nitaonekana mzee wa hadithi za kale, lakini nilipoanza kutafuta kasha la kamera ya dijitali, nilikuwa natafuta kitu kitakachonikumbusha ile.

Sasa vioo vya mbele, maana hapa ndipo kasha hili linapolipa kila senti.

Linauzwa na vioo viwili, kimoja bapa na kingine kuba. Kioo bapa ni cha lenzi ndefu kidogo, milimita 50 hadi 85, unapoelea pembeni ya wimbi na kumvuta mteleza mawimbi aliye mbali. Juu ya maji hakina shida yoyote. Kikizama, mambo yanabadilika: mwanga hupinda unapotoka majini kuingia hewani, kipimo chake ni 1.33, kwa hiyo vitu vinaonekana vikubwa kwa theluthi moja, na ukiweka lenzi pana nyuma yake pembe za picha zinavutika na rangi zinaachana. Nakitumia mara moja moja.

Kuba ndiyo iliyonifanya ninunue. Inaiachia lenzi upana wake wote hata chini ya maji. Ila nayo ina ujanja wake ambao hakuna karatasi ya maelekezo iliyonieleza vizuri. Ikiwa majini, kuba yenyewe inageuka kuwa lenzi, na sura ya kila kilichoko chini, hata mwamba ulio mbali, inajitengeneza karibu sana mbele ya kioo. Kamera inatakiwa kuangalia karibu ili uione bahari. Ukipiga picha ya nusu kwa nusu, chini miamba na juu milima ya pwani, unaiomba lenzi ione karibu na mbali kwa wakati mmoja. Hapo nafunga tundu la lenzi hadi f/11 au f/16, yaani liwe dogo kabisa, na kuomba jua liwe la kutosha. Ukubwa wa kuba nao una maana yake. Kubwa ya sentimita 20 inatuliza ule mstari wa maji unaokata katikati ya picha, lakini wimbi likiipiga unakuwa umeshika ngoma mbele ya mafuriko. Yangu ni ya sentimita 15, na baada ya misimu mitatu sitaki kubwa zaidi.

Halafu kuna matone. Anayeanza hununua kasha akidhani adui yake ni maji kuingia ndani, kumbe kinachomharibia picha nyingi ni maji kukaa nje ya kioo. Tone moja katikati ya kuba linageuka doa la ukungu juu ya uso wa mtu. Kuna madhehebu mawili. La kwanza linapaka kioo nta ili maji yakimbie. Kwa kioo bapa linafaa. La pili linataka kioo kilowane chote, kwa utando mmoja mwembamba usio na matone, na kwa kuba mimi ni muumini wa hili la pili. Naitemea mate, naisambaza kwa ulimi, ndiyo, kwa ulimi, naichovya majini, kisha naiinua sekunde mbili tatu kabla wimbi halijafika. Utando ule unadumu muda huo tu, kisha unaanza kukatika. Kufikia saa nne asubuhi ulimi umechakaa kwa chumvi kiasi kwamba chai haina ladha.

Kuba ni ya akriliki, na akriliki inachubuka ukiitazama vibaya. Chembe moja ya mchanga kwenye kitambaa inatosha. Nimewasikia watu wanaoilalamikia hiyo na kutaka kioo cha kweli. Siwaungi mkono. Majini michubuko midogo inajazwa na maji na kupotea. Inaonekana tu nje ya maji jua likiwa mbele yako. Na akriliki ikizidi kuharibika naisugua hapohapo ufukweni kwa msasa laini wa kung'arishia, kutoka ule unaokwaruza hadi ule unaoteleza kama karatasi ya daftari, nikitumia maji kidogo, nusu saa nzima. Kioo cha kweli kikipata mkwaruzo, utatembea nao mpaka mwisho wa safari.

Jambo jingine ambalo duka lilitaka kuniuzia ni gia ya kuzungushia fokasi kutoka nje. Usiinunue. Kwa lenzi ya jicho la samaki, ile inayoona pana kupita zote, ya milimita 15 kwenye kamera yenye kitambuzi cha ukubwa wa filamu ya milimita 35, ukiwa kwenye f/8 na ukaweka fokasi kwenye mita moja kasoro kidogo, kila kilicho kuanzia nusu mita hadi upeo wa macho kitaonekana vizuri juu ya maji. Naweka fokasi hapo, nabandika utepe wa gundi juu ya pete ya lenzi isisogee, nafunga mlango. Kasi ya shata nadhibiti isishuke chini ya 1/1600 ya sekunde. ISO, yaani wepesi wa kamera kupokea mwanga, naiachia kamera yenyewe. Baada ya hapo kazi yangu ni kuogelea.

Na kuogelea ndiko kunakoamua. Kasha hili lina tabia mbili tofauti kulingana na bahari. Mawimbi yanayofuatana kwa sekunde 16, yale yaliyozaliwa na dhoruba ya mbali, yakiwa kwenye kina yana umbali wa kama mita 400 kutoka mgongo mmoja hadi mwingine, na huanza kuhisi sakafu ya bahari pakiwa na mita 200 za maji. Ya sekunde 8 yana mita 100 tu. Haya ya pili ni fujo: linakuja moja, unafuta macho, limekuja jingine, na kasha la kilo tatu linageuka mzigo wa kuni. Lakini katika sekunde 16 unafanya mengi. Unalamba kuba, unaangalia skrini ya kamera kupitia mlango, unarudi mahali pako. Mwaka 1963 mwanasayansi wa bahari Walter Munk na wenzake walifuatilia mawimbi ya namna hii kutoka dhoruba za bahari ya kusini, karibu na Antaktika, wakayakuta hadi Alaska. Ndiyo maana unaweza kukaa kwenye pwani isiyo na upepo hata wa kutikisa jani, na mbele yako vinapita vilima vya maji vilivyosafiri siku nyingi. Makundi ya mawimbi hayo husafiri takriban kilomita 45 kwa saa. Ukijua dhoruba iko umbali gani, unajua ulale saa ngapi na ufunge kasha lini.

Kufunga kasha lini! Hilo nililijifunza kwa hasara. Siku moja nilibadilisha betri saa sita mchana ndani ya gari lililokaa juani, hewa ya moto na unyevu wa nguo zangu zilizolowana vyote vikafungiwa ndani pamoja na kamera. Nikaingia kwenye maji ya nyuzi 17. Dakika tano baadaye kuba yote imejaa umande kwa ndani, nami niko mbele ya mawimbi bora ya wiki ile na dirisha lililofunikwa shuka. Siku hizi nalifunga saa kumi na moja alfajiri, nje, hewa ikiwa bado ya baridi, nikiweka pakiti mbili za silika, zile punje za kunyonya unyevu, zilizokaushwa. Nikishalifunga silifungui hadi nimemaliza. Maana yake ni lenzi moja, betri moja, kadi moja kwa asubuhi nzima, na wengine wanaona hiyo ni kasoro. Mimi inanipumzisha akili.

Kwenye kibandiko cha ndani wameandika kwamba kasha linavumilia mita 10. Namba hiyo isikudanganye kwa upande wowote. Maji yanayokuja kwa mita 10 kwa sekunde yanasukuma kwa nguvu inayokaribia ile ya kina cha mita 5, kwa hiyo kwenye karatasi uko salama. Tatizo ni kwamba kinachoziba mlango si bolti peke yake. Ukishuka chini, maji yenyewe yanausukuma mlango dhidi ya pete ya mpira, na kila mita inaukaza zaidi. Juu ya uso wa bahari msaada huo haupo. Mlango unategemea bolti tu, huku ukipigwa kutoka ubavuni na kutikiswa. Kasha linaloweza kushuka salama linaweza kuvuja likiwa linaelea, na kasha la mawimbi linaishi hapo hapo penye hatari, kwenye sentimita chache za juu.

Langu limevuja mara moja katika misimu mitatu. Kosa lilikuwa langu: uzi mmoja wa taulo, mfupi kuliko ukucha, ulilala juu ya pete nilipofunga. Nikaona maji, kama nusu kijiko cha chai, yanacheza upande wa chini wa mlango. Nililigeuza kuba ikaangalia chini, maji yote yakakusanyika kwenye kuba mbali na kamera, nikarudi nchi kavu nikiogelea kwa mkono mmoja kama mtu aliyebeba bakuli la mchuzi. Kamera ilipona. Na hapa nampa mtengenezaji haki yake: pete ile, ambayo mafundi wanaiita oringi, ni ya kipimo cha kawaida kabisa. Inapatikana kokote wanakouza vipuri vya pampu. Ninabeba nne mfukoni. Grisi napaka kidogo sana, ing'ae tu. Wanaopaka nyingi wanadhani grisi ndiyo inayoziba, kumbe wanatengeneza mtego wa mchanga.

Aliyefikiria vizuri kuhusu pete alikuwa amelala siku ya kubuni kifyatulio.

Kwenye ule mshiko wa bastola kuna wenzo unaosukuma mhimili mwembamba, mhimili unasukuma kitufe cha kamera, na springi ndogo ya milimita 22 inaurudisha wenzo mahali pake. Mhimili unapita ndani ya bomba la alumini. Springi ni ya chuma kinachosemekana hakishiki kutu. Weka metali hizo mbili pamoja, tia maji ya chumvi, subiri. Chumvi inajijenga kwenye mwanya, alumini inatoa unga mweupe, springi inapoteza nguvu, na siku moja unabonyeza na wenzo haurudi. Kwa kuwa kamera iko kwenye ufyatuaji wa mfululizo, unapata magoti.

Niliwaandikia. Jibu lilikuja baada ya siku tisa, la heshima sana, likiniomba nitume kasha zima kwa gharama yangu ili wabadilishe mshiko wote. Nikauliza kama wanaweza kuniuzia springi peke yake. Springi peke yake haiuzwi. Nikauliza vipimo vyake ili nitafute mwenyewe. Hilo hadi leo halijajibiwa. Nilipima mwenyewe.

Kule ufukweni, siku ile ya magoti, nilichofanya ni kuvunja kalamu. Springi ya kalamu ya wino ni laini zaidi na ndefu kidogo, lakini ukiikata kwa mkasi wa kucha inaingia. Ilidumu asubuhi mbili kabla haijaanza kutoa kutu, na asubuhi ya pili ndiyo iliyonipa picha ninayoipenda kuliko zote nilizopiga na kasha hili: wimbi linajikunja, jua likiwa nyuma yake, kijana yule yuko ndani ya pango la maji akiwa amegusa ukuta kwa vidole vitatu. Kwa hiyo siwezi kusema springi ya kalamu haifai.

Dawa ya kweli ni maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, na hapo ndipo kijitabu chao kinaponichekesha. "Baada ya kila matumizi, loweka kasha kwenye ndoo ya maji safi kwa dakika 20." Ndoo! Kwenye pwani ninazokwenda maji hubebwa kwenye madumu na kila lita ina mdomo unaoisubiri. Nimezoea njia nyingine. Chumvi haiharibu sana ikiwa bado imelowana. Ubaya wake unaanza ikikauka na kuwa fuwele ndani ya mianya. Nikitoka majini nalifunika kasha kwa taulo iliyoloweshwa maji ya bahari hiyohiyo, likae kivulini. Jioni nalitia ndani ya mfuko laini wa kuzuia maji pamoja na lita mbili za maji baridi, nakunja mdomo wa mfuko, na kwa mikono naukandakanda kutoka nje huku nikibonyeza kila kitufe na ule wenzo mara thelathini hivi. Lita mbili badala ya ndoo nzima. Maji yale nayatunza kwa kuanzia kesho yake, kisha ndipo namwaga. Tangu nianze hivyo kifyatulio kimenasa mara moja tu, ingawa springi nimebadilisha mara tatu.

Kuna mambo mengine madogo. Kamba ya mkononi ni nzuri, ya kujikunja kama waya wa simu za zamani, lakini iweke juu ya kiwiko, usiiweke kwenye kifundo cha mkono. Kwenye kifundo wimbi linalivuta kasha na kulirudisha usoni kwako. Nina alama juu ya nyusi ya kushoto, nyuzi nne, kama risiti ya somo hilo. Ukipiga mbizi chini ya wimbi, nyoosha mkono wenye kasha kwenda chini na nyuma. Usilitangulize mbele ya kichwa. Kofia ngumu siidharau tena. Bolti sita za mlango zinafunguka kwa alenki moja, ule ufunguo mdogo wa pembe sita, na alenki hiyo wameiweka ndani ya mshiko, jambo la busara kabisa, ila nafunga yangu ya pili shingoni kwa uzi, kwa kuwa ya kwanza iliwahi kuzama kwenye mchanga nikaitafuta kwa ungo.

Nani asilinunue? Anayetaka kuonyesha pwani. Nasema kweli, nusu ya picha zangu nzuri za mawimbi ya mbali zilipigwa kutoka nchi kavu, juu ya jabali, kwa lenzi ya milimita 400 hadi 600 na stendi ya miguu mitatu iliyofukiwa mchangani. Kutoka majini unapata tumbo la wimbi na sauti yake. Hupati upweke wa mahali: milima ya mchanga nyuma, ukungu, na wimbi moja refu linalochana bahari bila mtu. Kwa hayo kasha ni mzigo tu. Lenzi hiyo ndefu haiingii humo hata kidogo.

Na ukipiga kutoka juu, zima kihisi cha mahali kwenye kamera. Skeleton Bay ya Namibia, wimbi linalokimbia pembeni ya ulimi wa mchanga umbali mrefu kupita kiasi, lilipata kujulikana duniani mwaka 2008 baada ya mtu kuliona kwenye picha za setelaiti, na tangu hapo kila dhoruba kubwa ya kusini inaleta ndege zilizojaa mbao. Huenda lingejulikana tu. Lakini sipendi kuwa mimi niliyechora mshale. Picha zangu hazina jina la mahali, na kijana yule wa ubao, ambaye alinionyesha pwani ile ya magoti, alinitaka niahidi hilo kabla hajawasha gari.

Ukiamua kulinunua, chukua lenye kuba ya sentimita 15, kataa gia ya fokasi, kataa sanduku la kubebea wanalokubembeleza nalo kwa sababu taulo nene inatosha. Fungua mshiko siku hiyohiyo kabla halijaona bahari, paka grisi kwenye mhimili, na pima springi kwa rula ukaandike vipimo mahali. Nimeshampata fundi anayenikunjia springi za chuma kizuri zaidi, kumi kwa mkupuo, na ya sasa imemaliza msimu mzima bila kulalamika. Hata hivyo bado nasafiri na kalamu. Nyumbani kwangu kuna tatu kwenye kikombe juu ya meza, kila mgeni anazijaribu moja baada ya nyingine, anazitikisa, anazirudisha, na mimi nakaa kimya.